AXA Rosenberg: kosa la vipimo lililokaa miaka miwili ndani ya programu ya uwekezaji

Tarehe 3 Februari 2011, SEC, tume inayosimamia masoko ya hisa na dhamana nchini Marekani, ilitangaza makubaliano na kampuni tatu za kundi moja lenye makao Orinda, California: AXA Rosenberg Group, AXA Rosenberg Investment Management na Barr Rosenberg Research Center. Kampuni hizo zilikubali kuwafidia wateja dola milioni 217 na kulipa faini ya dola milioni 25 juu yake. Hazikukiri madai wala kuyakanusha. Chanzo cha yote kilikuwa kipande cha msimbo kilichounganisha sehemu mbili za programu. Hapo baadhi ya takwimu zilifika zikiwa kwa asilimia, nyingine kwa desimali, na zikatumika pamoja bila kuwekwa kwenye kipimo kimoja.

Kisa hiki husimuliwa zaidi na wanasheria, kwa sababu ya kilichotokea baada ya kosa kugunduliwa: lilifichwa. Nitafika huko. Lakini kwa watu wanaotengeneza na kupima programu za kampuni za kusimamia mali, kuna swali la kuanza nalo. Programu iliyokuwa ikielekeza makumi ya mabilioni ya dola za watu iliwezaje kufanya kazi tangu Aprili 2007 hadi Juni 2009 huku sehemu yake moja muhimu ikiwa kama haipo, na bado ikatoa majibu yaliyoonekana sawa?

Programu ilivyopangwa

Jibu rahisi, kwamba ni uzembe wa watu wasiojua kazi, halishiki hapa. Barr Rosenberg, mwanzilishi mwenza wa kundi hilo, alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 1975 alianzisha Barra, kampuni iliyowazoesha wasimamizi wa fedha kupima hatari ya hisa kwa kuangalia mambo yanayozisukuma hisa nyingi kwa pamoja. Kwa maneno mengine, sehemu ya programu iliyoharibika ndiyo iliyompa jina. Ujuzi wa modeli ulikuwepo tele. Ujuzi wa kuhakikisha kwamba kilichomo kwenye modeli kimefika salama kwenye msimbo ni kazi nyingine, na ina watu wake.

Programu ilikuwa na nguzo tatu. Ya kwanza ni modeli ya alfa, inayokadiria hisa zipi zinauzwa chini ya thamani yake na zipi juu. Ya pili ni modeli ya vihatarishi, inayokadiria kila hisa inaweza kuyumba kiasi gani na kwa sababu zipi. Sababu hizo ni za aina mbili: vihatarishi vya pamoja, kama sekta, nchi au sarafu, na vihatarishi vya kampuni yenyewe, kama kesi mahakamani au bidhaa iliyobuma. Nguzo ya tatu ni optimaiza, inayochukua makadirio ya pande zote mbili, ikapima faida inayotarajiwa dhidi ya hatari, kisha ikapendekeza nini kinunuliwe na nini kiuzwe katika mkoba wa kila mteja, yaani mkusanyiko wa hisa zake.

Mwaka 2007 toleo jipya la modeli ya vihatarishi liliunganishwa na optimaiza. Takwimu za baadhi ya vihatarishi vya pamoja hazikubadilishwa kipimo jinsi ilivyotakiwa. Kwa hiyo optimaiza ilipozisoma, iliziona ni ndogo mno na haikuzipa uzito uliokusudiwa. Toleo hilo likaingia kazini Aprili mwaka huo.

Hesabu inavyolificha kosa

Tarakimu zinazofuata ni za mfano tu, si za AXA Rosenberg, lakini mfumo wa hesabu ni uleule.

Chukua hisa moja. Vihatarishi vya pamoja vinaiyumbisha kwa asilimia 15 kwa mwaka, na mambo ya kampuni yenyewe kwa asilimia 25. Hatari hizi hazijumlishwi moja kwa moja. Unatafuta kipeo cha pili cha kila moja, unajumlisha, halafu unatafuta kipeuo cha pili cha jumla. Hivyo 225 na 625 zinakuwa 850, na kipeuo chake ni karibu 29.2. Hisa hii inayumba kwa asilimia 29.2.

Sasa 25 ibaki 25, lakini 15 iingie kama 0.15. Kipeo chake cha pili ni 0.0225. Jumla ni 625.0225, na kipeuo chake ni 25.0.

Mjaribu aliyekaa mbele ya skrini anaona 25 mahali palipotakiwa 29.2. Zote mbili ni namba za kawaida kabisa kwa hisa. Kosa la mara 100 kwenye ingizo limegeuka kosa la mara 10,000 baada ya kipeo cha pili, na kwenye jibu la mwisho limejibanza ndani ya pointi nne tu. Ukiweka kanuni ya ukaguzi inayosema "hatari ya hisa iwe kati ya asilimia 5 na 100", hisa hii inapita bila tatizo.

Rudia hesabu hiyohiyo kwa mkoba wa hisa 100 za aina hiyo, zote zikiwa na uzito sawa na zikisukumwa na kihatarishi kimoja cha pamoja. Mambo ya kampuni moja moja hufutana yakichanganywa: asilimia 25 inagawanywa kwa kipeuo cha pili cha 100, inabaki 2.5. Kihatarishi cha pamoja hakifutiki, kinabaki 15. Jibu sahihi kwa mkoba mzima ni karibu 15.2. Jibu lenye kosa ni 2.5.

Mkoba wa hisa tupu unaodaiwa kuyumba kwa asilimia 2.5 kwa mwaka ni kichekesho, na mtu yeyote aliyewahi kusoma ripoti ya uwekezaji angeuliza. Kosa lilelile lililojificha kwenye hisa moja linapiga kelele kwenye mkoba. Timu nyingi za majaribio huanzia hisa moja moja na kuishia hapohapo, kwa sababu ndiyo sehemu rahisi kuhesabu kwa mkono. Katika kisa chenyewe mambo yalikuwa na ukungu zaidi ya mfano wangu: ni baadhi tu ya vihatarishi vya pamoja vilivyopotea, na vilivyobaki viliendelea kuipa hatari ya mkoba sura ya kawaida.

Ukungu wa tatu hutoka kwenye mipaka. Programu za aina hii kwa kawaida huwekewa vizuizi vigumu: sekta moja isizidi asilimia fulani, hisa moja isizidi fulani, mkoba usiachane sana na kigezo chake, yaani faharisi ya soko unayolinganishwa nayo. Vizuizi hivyo ni vizuri, lakini vinamnyima mjaribu dalili. Optimaiza isiyoona hatari ya kurundika fedha kwenye sekta moja itarundika hadi igonge ukuta uliowekwa, kisha isimame, na mkoba utaonekana umezingatia kila sharti.

Kwa nini haikupiga kengele

Wanaozungumzia kosa hili hupenda kulilinganisha na Mars Climate Orbiter, chombo cha NASA kilichopotea Septemba 1999 kwa sababu programu moja ilitoa msukumo kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine ikausoma kwa vipimo vya metriki. Ulinganisho huo unashika nusu tu. Chombo kilikuwa na mahali pa kufika. Kilipokosa kufika, kila mtu alijua siku ileile. Mkoba wa uwekezaji hauna mahali pa kufika. Ukipata asilimia 4 badala ya 7, hakuna popote palipoandikwa kwamba ilipaswa kuwa 7. Optimaiza nayo haigomi. Ipe takwimu sahihi itajibu, ipe takwimu mbovu itajibu kwa kujiamini vilevile, na kila jibu litaheshimu vizuizi vyake.

Hapo ndipo penye ugumu halisi wa kupima programu za kusimamia mali. Katika mfumo wa malipo, mjaribu anajua mapema jibu sahihi: ukituma 100, salio lipungue 100 na ada. Katika optimaiza hakuna mwenye jibu sahihi mfukoni. Kama angekuwa nalo, programu isingehitajika. Kwa hiyo orodha ndefu ya majaribio ya "ukiingiza hiki kitoke kile" inaweza kupita yote huku nguzo nzima ya programu ikiwa imezimika.

Kinachofanya kazi mahali kama hapa ni kuuliza swali la mwelekeo badala ya swali la jibu. Sijui optimaiza itachagua hisa gani. Lakini najua kwamba mkoba ukiwa tayari una benki nyingi kuliko kigezo chake, nikikuza mara mbili hatari ya sekta ya benki na kuacha mengine yote yalivyo, uzito wa benki kwenye mkoba haupaswi kuongezeka. Nikizigeuza takwimu zote za hatari kutoka asilimia kwenda desimali, pamoja na kigezo cha mteja cha kuvumilia hatari, mkoba usibadilike hata kidogo. Majaribio ya namna hii hayahitaji mtu mwenye jibu. Yanahitaji mtu anayeelewa kila kipande kimewekwa pale kifanye nini.

Jaribio ambalo kwa maoni yangu lingelinasa kosa la Aprili 2007 ndani ya saa chache ni la kuzima. Weka vihatarishi vya pamoja kuwa sifuri, kimoja baada ya kingine, endesha programu, linganisha mkoba na ule wa awali. Kihatarishi kikizimwa na mkoba ukabaki karibu vilevile, ama hakina maana kwa mkoba huo, ama hakikuwa kimewaka tangu mwanzo. Vyovyote vile, mtu lazima aeleze. Ni jaribio la kitoto, halihitaji hisabati, na linaweza kuendeshwa lenyewe usiku kila msimbo unapoguswa. Sioni sababu ya timu yoyote yenye optimaiza kutokuwa nalo.

Kuna pia kinga ya mapema zaidi: kuufanya msimbo wenyewe ukatae kuchanganya vipimo. Namba tupu kama 0.15 haisemi ni ya nini. Ikisafiri ndani ya programu ikiwa na lebo yake, "asilimia kwa mwaka" au "desimali kwa mwezi", na sehemu inayopokea ikalazimika kuisoma lebo kwanza, kosa hili lisingefika hata kwa wajaribu. Waprogramu wengi huona ni usumbufu, na kwa kazi ndogo ni kweli. Lakini kwenye mpaka kati ya mifumo miwili iliyoandikwa na watu tofauti kwa miaka tofauti, usumbufu huo ni bei ndogo.

Kuhusu kuendesha toleo la zamani na jipya sambamba kwa muda, kila mtu huisifu njia hii, nami sina ubishi mkubwa. Ila ina udhaifu mmoja: toleo jipya la modeli limetengenezwa makusudi litoe majibu tofauti. Tofauti zikionekana, mtu husema "bila shaka, ndiyo maana tumeliboresha". Njia hiyo inasaidia pale tu tofauti inapogawanywa vipande, kiasi gani kimetokana na badiliko lipi, na salio lisiloelezeka likatajwa kwa namba.

Mwaka 2008 kama kisingizio

Baada ya programu kuingia kazini, kulikuwa na kipimo kimoja zaidi ambacho kingeweza kuisaliti: kulinganisha hatari iliyotabiriwa na iliyotokea. Kila mwezi unagawanya faida au hasara ya mkoba kwa hatari iliyotabiriwa. Modeli ikiwa nzuri, namba hizo zikikusanywa hutawanyika kwa kiasi cha karibu 1. Zikitawanyika kwa 2, modeli inaona nusu tu ya hatari.

Bahati mbaya, toleo lile lilianza kazi miezi michache kabla ya dunia ya fedha kutikisika. Katika mwaka 2008 modeli karibu za kila kampuni zilitabiri hatari ndogo kuliko iliyotokea, za wazima na za wagonjwa. Wateja walipouliza kwa nini matokeo ni mabaya, walijibiwa kwamba ni kuyumba kwa masoko. Kwa kipindi fulani jibu hilo linaweza kuwa lilitolewa kwa nia njema. Tofauti ingeonekana kama kipimo kingefanywa kwa kila kihatarishi peke yake: katika modeli nzima yenye afya, vyote hupotoka kwa pamoja, katika hii, baadhi vingekuwa vimepotoka kupita vingine vyote, na vilevile kila mwezi.

Kutoka Juni 2009 hadi Aprili 2010

Juni 2009 mfanyakazi wa kituo cha utafiti aligundua kosa. Kwa mujibu wa SEC, kiongozi wa juu aliwaambia waliojua wakae kimya na akakataa lirekebishwe wakati huo. Marekebisho yalianza kuingizwa mkoba kwa mkoba kati ya Septemba na katikati ya Novemba 2009. Mkurugenzi mtendaji wa kundi zima alijulishwa Novemba. SEC iliambiwa mwishoni mwa Machi 2010, baada ya kundi kupata taarifa kwamba wakaguzi wanakuja. Wateja waliambiwa tarehe 15 Aprili 2010. Mikoba zaidi ya 600 ilikuwa imeumia.

Septemba 2011 Rosenberg mwenyewe, ambaye SEC ilisema ndiye kiongozi huyo, alifikia makubaliano na SEC: faini ya dola milioni 2.5 na kufungiwa maisha kufanya kazi katika sekta ya dhamana, naye bila kukiri wala kukanusha.

Ni rahisi kulisoma hili kama hadithi ya tabia ya mtu mmoja. Mimi naona zaidi mpangilio wa kazi. Mwenye modeli ndiye aliyekuwa mlango wa kutolea habari mbaya za modeli. Katika mpangilio huo, ukimya haumhitaji mtu mbaya, unahitaji tu mtu aliyebanwa. Tena ngazi za uzito wa makosa katika timu nyingi za programu zinausaidia: skrini ikiganda, ni dharura, jibu likiwa na walakini lakini programu inaendelea, linawekwa foleni ya toleo lijalo. Kwa programu inayoamua fedha za mteja ziende wapi, ngazi hizo ziko kichwa chini. Kosa lililobadilisha kilichonunuliwa au kuuzwa linapaswa kwenda siku hiyohiyo kwa ofisa anayesimamia utii wa sheria, bila kupitia kwa mwenye modeli, na tiketi yake, yaani kumbukumbu ya kosa kwenye mfumo wa kazi, isiweze kufungwa na timu iliyoliandika.

Aprili 2011, miezi miwili baada ya makubaliano ya kwanza, Benki Kuu ya Marekani na OCC, ofisi inayosimamia benki za kitaifa nchini humo, zilitoa mwongozo uitwao SR 11-7. Ulitaka modeli zihakikiwe na watu wasiozijenga, wenye uwezo na mamlaka ya kuzipinga. Uliandikwa kwa ajili ya benki, lakini ni kipimo kinachofaa pia nje ya benki.

Haikutosha kuzima tatizo. Aprili 2023 Betterment, mshauri wa uwekezaji wa kidijitali, ilikubali kulipa dola milioni 9. SEC ilisema huduma yake ya kuuza hisa zenye hasara ili kumpunguzia mteja kodi ilibadilishwa, kutoka kukagua akaunti kila siku hadi kila baada ya siku moja, bila wateja kuelezwa, na kwamba kosa la msimbo liliwanyima wengine huduma hiyo. Akaunti zaidi ya 25,000 ziliguswa. Hapa somo kwa wajaribu ni tofauti kidogo: maneno ya mkataba na ya ukurasa wa mauzo nayo ni maelekezo ya programu, na yanapaswa kuwa na majaribio yake. Januari 2025 ilikuwa zamu ya Two Sigma, iliyokubali faini ya dola milioni 90. Kwa mujibu wa SEC, wafanyakazi walitambua udhaifu katika baadhi ya modeli kufikia Machi 2019, na haukushughulikiwa hadi Agosti 2023. Miezi kumi ya AXA Rosenberg inaonekana mifupi mbele ya hapo.

Hasara inahesabiwaje

Kazi moja ya uhandisi katika kisa hiki haizungumzwi sana, ingawa ndiyo ngumu kuliko zote. Dola milioni 217 si fedha zilizotoka kwenye akaunti fulani. Ni tofauti kati ya kilichotokea na ambacho kingetokea kama msimbo ungekuwa sahihi. Kuipata tofauti ya namna hii, inabidi uendeshe upya kila mkoba tangu kosa lilipoanza, kwa msimbo uliorekebishwa, kwa bei na makadirio yaliyokuwepo siku ile na si yaliyosahihishwa baadaye, kwa vizuizi vya mteja vya wakati ule, na kwa fedha alizoweka na kutoa. Mkoba ukishaachana na ule wa kweli wiki ya kwanza, kila uamuzi unaofuata unaachana zaidi.

Halafu kuna mikoba ambayo kosa liliinufaisha kwa bahati. Desturi ya sekta ni kwamba faida ya kosa hubaki kwa mteja na hasara hubebwa na msimamizi, kwa hiyo hesabu haiwezi kufanywa kwa jumla ya wote, lazima iwe ya mteja mmoja mmoja. Hilo linawezekana kwa timu iliyohifadhi kila toleo la msimbo pamoja na nakala ya data ya kila siku ya kazi. Isiyohifadhi itapeleka makadirio kwa wanasheria wa wateja.